Baraza la Chuo Halimwagi Zege

Katika kabrasha la kikao cha Baraza la chuo kikuu cha umma, taarifa ya ujenzi na taarifa ya utafiti hukaa mbalimbali. Ya ujenzi ina picha za nguzo, nondo na mafundi wenye kofia ngumu, pamoja na jedwali lenye safu ya "asilimia ya utekelezaji". Ya utafiti imeandaliwa na kurugenzi nyingine. Ina orodha ya hati za makubaliano zilizosainiwa na viwanda, lakini haisemi kazi hiyo itafanyikia chumba gani. Wajumbe wanaipokea ya kwanza, wanaipokea ya pili, mwenyekiti anasema tuendelee, na hakuna aliyeuliza kama mashine iliyotajwa ukurasa wa 140 itapita kwenye mlango uliochorwa ukurasa wa 88.

Mlango wa kawaida wa ofisi una upana wa sentimita 90. Mashine ya kuminya zege yenye nguvu ya kilonyutoni 2,000 huja ndani ya sanduku la mbao, ina uzito unaoweza kukaribia tani moja au kuizidi, na huletwa kwa folklifti. Ikifika kwenye jengo lililokwisha pakwa rangi kuna mambo mawili tu: ukuta uvunjwe, au mashine ikae korido imefunikwa turubai hadi dhamana ya mtengenezaji iishe. Hapo mkandarasi hana kosa, kwa sababu amejenga alichochorewa. Hata mbunifu majengo hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Kosa lilifanyika miezi kumi na minane nyuma, Baraza lilipopitisha mradi kwa kuangalia idadi ya vyumba na gharama, bila kuuliza kila chumba kitabeba nini.

Suala hili limekuwa zito zaidi Tanzania tangu ulipokuja mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021. Fedha hizo zimepeleka vyuo vya umma mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwenda kujenga Lindi na Kagera, chuo cha Muhimbili kimekwenda Kigoma. Lakini HEET si mradi wa majengo peke yake. Ndani yake kuna mitaala ya kupitiwa upya kwa kushirikiana na waajiri, kamati za ushauri za viwanda, na wahadhiri kwenda kukaa viwandani. Mkopo ni mmoja, mabaraza mengi yanausoma kama miradi miwili.

Kwanza, mipaka. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu na Hati Idhini ya kila chuo, Baraza ndilo chombo cha juu cha uongozi: linapitisha bajeti, mipango, sera na taarifa za fedha. Seneti ina mambo ya taaluma. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji, na katika mambo ya ununuzi yeye ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenganisha kwa makusudi Afisa Masuuli, Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi na kamati ya tathmini, na zabuni zenyewe zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni. Mjumbe wa Baraza hana kiti humo. Akipiga simu kuulizia "yule mkandarasi wetu amefikia wapi", ameshavuka mstari, hata kama nia yake ilikuwa kuharakisha kazi. Mkandarasi aliyeshindwa akipeleka malalamiko Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma, simu hiyo ndiyo itakayotafutwa.

Kwa hiyo nguvu ya Baraza iko katika nyakati mbili: kabla zabuni haijatangazwa, na baada ya mkataba kusainiwa. Katikati linakaa pembeni na kusubiri. Mabaraza mengi hufanya kinyume chake. Yanachangamka wakati wa zabuni na kulala wakati mwingine wote.

Kabla ya zabuni, waraka wenye thamani kuliko yote ni karatasi ya chumba. Ni ukurasa mmoja kwa kila chumba, unaosainiwa na mkuu wa idara atakayekitumia. Unataja kifaa kizito kuliko vyote na uzito wake, umeme unaohitajika na kama ni wa fezi moja au fezi tatu, maji na shinikizo lake, gesi, mahali maji machafu yanapokwenda, upana wa mlango na njia yote ya kupitia kutoka kwenye lori hadi chumbani, kiyoyozi, na saa za kazi. Jengo la maabara 24 lina karatasi 24. Mjumbe hahitaji kuwa mhandisi ili kuona karatasi ambayo mkuu wa idara ameijaza "kama kawaida" kila mstari.

Hivi ndivyo maneno hayo mawili yanavyogharimu. Sakafu ya darasa kwa kawaida husanifiwa kubeba kilonyutoni 3 kwa mita ya mraba, yaani takribani kilo 300. Karakana huanzia 5 na kuendelea. Idara ikisema "kama kawaida" halafu ikaleta tanuri na mashine ya kuminya zege kwenye ghorofa ya pili, mhandisi wa miundo atakataa, na atakuwa na haki. Ndiyo maana vifaa vizito huwekwa chini kabisa, kwenye jamvi linalolala juu ya ardhi. Chukua pia kabati la kuvuta mvuke wa kemikali. Uwazi wake wa mbele ukiwa mita 1.5 kwa mita 0.5, na hewa ikitakiwa kuingia kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, linavuta takribani mita za ujazo 1,350 kwa saa. Makabati manne yanavuta 5,400. Hewa hiyo lazima itoke kwa bomba hadi juu ya paa, na hewa nyingine iingie kuziba nafasi yake, la sivyo milango inakuwa migumu kufunguka na kiyoyozi kinapoza chumba kisichopoa. Bomba hilo linahitaji tundu kwenye kila slabu, na tundu huachwa kabla ya kumwaga. Baada ya hapo linakatwa kwa mashine ya almasi, nondo zinakatika, na mhandisi anaombwa barua ya kuthibitisha kwamba jengo bado ni salama.

Maji ya maabara ya kemia nayo hayaingii kwenye shimo la choo. Yanahitaji bomba lake lisiloliwa na asidi na tangi la kuyazimua kabla ya kuyatoa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wataliuliza jambo hili kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, na ni nafuu kulijibu likiwa bado kwenye karatasi.

Kampasi mpya zina tatizo lake, nalo ni vitu vilivyo nje ya uzio. BOQ, ile orodha ndefu ya kazi, vipimo na bei, huishia kwenye mpaka wa kiwanja. Barabara ya kufika, laini ya umeme ya kilovolti 33, transfoma, bomba la mamlaka ya maji: vyote hivi ni vya taasisi nyingine zenye bajeti zake na foleni zake. Jengo linaweza kukamilika kwa asilimia 100 likiwa halina umeme wa fezi tatu, na taarifa ikasomeka vizuri kabisa. Baraza lidai jedwali la pili lenye vitu vya nje tu: nani anawajibika, barua ya mwisho iliandikwa lini, fedha ziko kwenye kifungu gani. Nusu ya ucheleweshaji itaonekana hapo kabla haijatokea.

Halafu kuna kodi. VAT ni asilimia 18. Kwenye mkataba wa shilingi bilioni 12 hiyo ni bilioni 2.16, na huenda fedha za mkopo zisiruhusiwe kulipa kodi. Msamaha upo kisheria, ila unapitia Wizara ya Fedha na tangazo kwenye Gazeti la Serikali, na tangazo linachukua muda. Mkandarasi aliyeanza kazi kabla msamaha haujatoka atanunua saruji na nondo zenye kodi, kisha atadai.

Mkataba ukishasainiwa, Baraza linahitaji namba tatu kwenye mstari mmoja: asilimia ya muda uliotumika, asilimia ya kazi iliyofanyika, asilimia ya fedha iliyolipwa. Taarifa nyingi hutoa moja tu, ile inayopendeza. Tuchukue mkataba huo wa bilioni 12 wa miezi 18. Mwezi wa tisa umefika, kwa hiyo muda ni asilimia 50. Kazi ni asilimia 31. Malipo, pamoja na malipo ya awali, ni asilimia 38. Kazi iliyoko saiti ina thamani ya bilioni 3.72, zilizotoka ni bilioni 4.56. Shilingi milioni 840 za chuo ziko mfukoni mwa mkandarasi. Hilo si kosa lenyewe, malipo ya awali ndivyo yalivyo. Ila fedha hizo zinalindwa na karatasi moja tu, dhamana ya benki, na dhamana ina tarehe ya mwisho. Mkataba ukichelewa na dhamana isihuishwe, siku mkandarasi atakapoondoka saiti chuo hakina cha kushika. Kwa hiyo kando ya namba hizo tatu iwekwe tarehe ya kuisha kwa dhamana ya malipo ya awali na ya dhamana ya utendaji kazi. Ikiwa imebaki siku 60, liwe ni jambo la kikao. Lisisubiri yatokanayo.

Kinyume chake pia hutokea. Kazi imefika asilimia 60, malipo yako 35, na hati za malipo zimelala ofisini au fedha hazijatoka Hazina. Mkandarasi anapunguza mafundi kimyakimya, riba inaanza kuhesabika kwa mujibu wa mkataba, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ataiandika. Riba ya ucheleweshaji ni ujenzi ambao haukujenga kitu.

Sasa zege. Mjumbe wa Baraza hatakwenda kupima, ila anaweza kuuliza kuhusu vipimo kwa lugha inayomfanya mtu ajibu. Zege la daraja la C25 linatakiwa kufikisha nyutoni 25 kwa milimita ya mraba baada ya siku 28. Bonge la kupimia, la sentimita 15 kila upande, likiminywa siku ya saba hutegemewa kuonyesha kama theluthi mbili ya hapo, 16 au 17. Hati ya malipo inaweza kuandaliwa kabla siku 28 hazijafika, maana yake chuo kinalipia slabu ambayo majibu yake hayajatoka. Hilo linakubalika mradi kuwe na orodha: slabu ipi ilimwagwa tarehe gani, mabonge mangapi yalichukuliwa, ya siku 7 yalitoa ngapi, ya siku 28 yatatoka lini, na yaliyofeli yalifanyiwa nini. Jibu la "yalirudiwa" halitoshi. Zege lililokwisha kukauka halirudiwi. Linapigwa nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa uso wake, kisha kinakatwa kiini na kuminywa, na kikifeli nacho, linavunjwa au linaimarishwa.

Kinachoharibu zege mara nyingi ni maji. Mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 una uwiano wa 0.5. Jua limekuwa kali, zege limekuwa zito, kibarua anaongeza ndoo ya lita 20 ili lisukumike vizuri kwenye shata. Uwiano umekuwa 0.9. Slabu inapendeza, imejaa kila kona bila hata vibreta, na nguvu yake imeshuka vibaya. Bonge la kupimia, kama lilijazwa kabla ya ndoo hiyo, litafaulu. Ndiyo maana swali la msingi ni nani alichukua mabonge, na aliyachukua wakati gani wa kumwaga. Alama ya ufaulu inakuja baadaye.

Na hapa vyuo vyenye uhandisi vina mtego wao maalumu. Chuo ni mshitiri, yaani mwenye kazi. Kampuni au kitengo chake cha ushauri ndicho mshauri elekezi anayesimamia ujenzi. Maabara yake ndiyo inayominya mabonge. Kwenye karatasi inaonekana ni busara: wataalamu tunao, kwa nini tuwalipe wengine? Lakini mhandisi anayetakiwa kumwambia Makamu Mkuu wa Chuo kwamba slabu ya ghorofa ya tatu ivunjwe ni mwajiriwa wa huyo huyo Makamu Mkuu, na sherehe ya uzinduzi imeshapangiwa tarehe. Dawa ni ndogo na haihitaji kufukuza wataalamu wa ndani: theluthi moja ya mabonge ipelekwe maabara ya nje, na majibu yaende moja kwa moja kwa kamati ya ukaguzi ya Baraza kwa nakala. Gharama ya kuminya mabonge machache haifikii hata posho ya kikao kimoja.

Hosteli za Magufuli pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zinafundisha jambo la aina nyingine. Zilijengwa na TBA, Wakala wa Majengo wa serikali, majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, yaani takribani milioni 2.6 kwa kitanda, na zilizinduliwa Aprili 2017. Kabla ya mwaka kwisha picha za nyufa zilikuwa zinazunguka mitandaoni, na TBA ikaeleza kuwa ni viungo vya kutanukia, nafasi zinazoachwa makusudi ili jengo refu lipanuke na kusinyaa bila kupasuka. Kiungo cha namna hiyo ni cha lazima. Lakini kikifunikwa kwa plasta tupu badala ya kifuniko cha chuma au mpira, plasta itapasuka mstari mnyoofu kutoka juu hadi chini, na hakuna mwanafunzi atakayeamini maelezo. Kwenye makabidhiano chuo kidai mchoro unaoonyesha viungo vyote, na vifunikwe ipasavyo kabla funguo hazijatolewa.

Upande wa utafiti, Baraza huulizwa kupitisha sera ya ubunifu na miliki bunifu, kisha linasahau. Sera ikikaa kimya kuhusu asilimia, kila mkataba na kiwanda unaanza upya na mwanasheria wa kiwanda ndiye anayeandika. Mambo ambayo lazima yawe na namba ni machache. Makato ya taasisi: yakiwa chini ya asilimia 10 hadi 20 ya mkataba, chuo kinalipa umeme na maji ya utafiti wa kampuni binafsi. Muda wa kuzuia uchapishaji: siku 60 hadi 90 zinatosha kampuni kuwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa msajili BRELA au kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, na mwanafunzi wa uzamili asizuiwe kutetea tasnifu yake. Ni muhimu kwa sababu makala ikitoka kabla ya maombi, upya wa ubunifu huo unakuwa umeharibika katika nchi nyingi. Umiliki wa vifaa baada ya mradi kwisha. Na mgawo kati ya mbunifu, idara na chuo.

Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo. Hapo ndipo kila Baraza lijiulize: mhadhiri wetu akishinda kesho na akataka kufungua kampuni, karatasi yetu inasema nini? Kama jibu ni "itaundwa kamati", mbunifu atakwenda zake, na ana haki.

Mfano wa utafiti ulioanza na mahitaji ya chumba uko Morogoro. Shirika la APOPO liko na Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Kazi hiyo isingewezekana kwenye maabara ya kawaida yenye meza na sinki. Inataka mabanda, chumba cha kunusia, na uwanja wa wazi wa mazoezi ndani ya eneo la chuo. Ardhi ya chuo ikigawiwa kwa makubaliano ya haraka, nafasi ya namna hiyo haipatikani tena. Mlimani wanalijua hilo: mkataba wa ardhi ya kituo cha maduka cha Mlimani City wa mwaka 2004, wa miaka 50, umehojiwa na CAG na kamati za Bunge kwa miaka mingi.

Kamati za ushauri za viwanda tusizipambe. Nyingi hukutana, hunywa chai, hupongezana. Ili kamati iwe na kazi, wajumbe wawe watu wenye uwezo wa kuagiza: meneja wa uzalishaji, mkuu wa ubora, yule anayelipia vipimo Nairobi au Afrika Kusini kwa sababu hapa hakuna mashine. Muhtasari wake ujibu maswali mawili: ni sampuli gani kiwanda kilileta tangu kikao kilichopita, na ni karatasi gani ya chumba imebadilika kwa sababu ya maoni yao. Kamati hiyo ikutane kabla michoro haijafungwa. Ikikutana baada ya paa, imekuja kuangalia jengo.

Gharama za uendeshaji ndizo zinazoua maabara nyingi, na huwa hazimo kwenye kabrasha. Wataalamu wa majengo hutenga kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo kila mwaka kwa matengenezo. Kwa jengo letu la bilioni 12 ni shilingi milioni 240 hadi 480, kila mwaka, kabla ya umeme, kemikali na mkataba wa fundi wa mashine. Hata zawadi ina bili. Maktaba mpya ya Mlimani iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 inaweza kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja. Lifti, viyoyozi na taa zake havikuja na mfadhili wa kuvilipia milele. Baraza linalopitisha jengo bila kupitisha kifungu cha matengenezo katika kikao hicho hicho limepitisha nusu ya mradi.

Siku ya makabidhiano kwenye meza kuwe na michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, kwa sababu hutofautiana na ya zabuni. Vyeti vya majaribio ya umeme, bomba na mfumo wa moto. Vitabu vya pampu na jenereta. Funguo zenye lebo. Na orodha ya kasoro yenye tarehe. Nusu ya fedha ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo ya mkandarasi kama kinga, hutolewa hapo, nusu nyingine hubaki hadi kipindi cha matazamio cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi miezi 12. Makosa ya kawaida ni kukagua mara ya mwisho mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, wakati kila paa ni zima. Kama kipindi kinaisha Agosti, meneja wa majengo apite Aprili masika ikiwa imekolea, apige picha dari za ghorofa ya juu na sehemu mifereji inapoungana na ukuta, aandike barua kwa mkandarasi wiki hiyo hiyo, na nakala iwekwe kwenye faili la fedha ya zuio.